Jiwe Chini ya Ulimi wa Redio

Mtaa mzima ulimwita Redio, na mwenyewe aliitika. Alikuwa fundi cherehani, mjane wa miaka hamsini na ushei. Ukimpelekea gauni akupunguzie kiuno, ulirudi na gauni bado pana, lakini una habari za nyumba tatu. Hakuwa na kifua hata kidogo. Mtu akimuuliza, "Una hakika na hayo?" alikata uzi kwa meno na kujibu, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Wateja walicheka, wakavuta viti karibu.

Mwaka mmoja alimwona binti wa fundi viatu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akitoka chumba cha altrasaundi pale zahanati, mkono tumboni. Hakuuliza kilichompeleka. Alimngoja mlangoni mwa kibanda chake, akapaza sauti barabara nzima isikie: "Mwanangu, wa miezi mingapi?" Binti alikuwa na uvimbe kwenye kizazi. Alipokuja kupata wa kumsikiliza, mchumba alikuwa ameshaingia mitini. Chumba kile nacho kikabaki na jina la chumba cha mimba. Jina hilo lilitoka kwa nani, usiniulize.

Basi Redio akaota uvimbe chini ya ulimi. Akinusa chakula tu unajaa, sahani ikiondoka unanywea. Alisukutua kwa maji ya chumvi, na chumvi, kama wajuavyo wateja wake, hakuwahi kupungukiwa. Haikusaidia. Maneno yakaanza kumtoka kwa kitembe, na mtaa ukapata nafasi ya kupumua.

Daktari wa meno alimpapasa chini ya ulimi, kisha akavua glavu.

"Mama, kwa kidole siwezi kujua. Yanaweza kuwa maji, inaweza kuwa nyama, au jiwe kwenye mfereji wa mate. Kapige altrasaundi."

"Altrasaundi? Daktari, mimi naumwa mdomo!"

"Hata mdomo unapigwa, mama."

Redio alishukuru, akatoka, akaenda moja kwa moja nyumbani kwake. Alijua watu wangesema nini akionekana kwenye benchi la chumba kile cha mimba, maana maneno ya kusema aliwafundisha mwenyewe. Lakini neno "nyama" lilimganda kichwani. Mama yake mdogo alianza na kivimbe shavuni hivyo hivyo, wakamzika kabla ya mwaka kwisha. Aliogopa, na aliogopa kweli.

Wifi yake ndiye aliyemtoa ndani. "Wifi, mficha maradhi kifo humuumbua. Unaogopa kufa au unaogopa watu?"

"Watu," alijibu Redio upesi. Pengine ndilo neno la kwanza alilowahi kulitoa bila kulitia chumvi.

Akaenda, kichwa amekifunga mtandio, miwani ya jua usoni, mwavuli mkononi na mvua hakuna. Kwenye benchi kulikuwa na wanawake wenye matumbo yao mbele. Mmoja akasogea kumpa nafasi. "Kaa, mama. Leo wewe ndiye mkubwa wetu." Wengine walijifanya kukohoa.

Ndani, mpiga picha alimpaka jeli baridi chini ya kidevu, akaanza kupitisha kifaa chake. "Usiongee, mama." Redio akanyamaza, jambo ambalo marehemu mumewe aliliomba maisha yake yote asilipate. Kwenye kioo kulikuwa na ukungu wa kijivu, na katikati kidoa cheupe kinachong'aa, nyuma yake kivuli cheusi.

"Kwenye uvimbe wa nyama mara nyingi tungeona damu ikipita ndani yake," alisema mpiga picha. "Hapa hakuna. Hili ni jiwe, limeziba mfereji wa mate. Linatolewa leo leo."

Redio alilia kama mtoto, akajifuta machozi kwa karatasi ya kufutia jeli, uso wote ukateleza. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa; wake ulikuwa umejitafutia.

Daktari alimtia ganzi, akalitoa jiwe, akamwekea kwenye kichupa. Kisha akamjaza pamba mdomoni. "Uiume hivyo hivyo. Usiseme neno mpaka jioni."

Alipofika mtaani, habari ilikuwa imeshamtangulia. "Hongera!" alipiga kelele muuza mkaa. "Na umri huo!" Wateja walikuwa wamejaa kibandani kwake. Redio akatikisa kichwa, akaonyesha mdomo wake kwa kidole.

"Mwoneni, aibu imemfunga kinywa."

"Lisemwalo lipo," alidakia mwingine, na kibanda kikaangua kicheko.

Binti wa fundi viatu alikuwa mlangoni kwa baba yake, anapaka kiatu rangi. Aliinua uso.

"Shikamoo, shangazi. Wa miezi mingapi?"

Redio aliguna ndani ya pamba, machozi yakimlengalenga. Akachomoa kichupa kwenye mkoba, akakitikisa, jiwe likalia ndani. Akakitia mkononi mwa binti, akainua kidole kuonyesha chini ya ulimi. Binti alikitazama kichupa kwa muda. Hakucheka. Akamrudishia.

"Kumbe jiwe," alisema. "Una bahati, shangazi. Mimi sikupewa cha kuonyesha."