Moshi wa magunzi ulivyotaka kutuua ndani ya lab, Eldoret

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Hii ni ya zile vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007. Nilikuwepo, na sitaongeza chumvi. Yenyewe inatosha.

Nilikuwa nafanya Master's Eldoret. Kazi yetu ilikuwa kutengeneza kaboni ya betri za lithium kutoka kwa magunzi ya mahindi.

Ndiyo, magunzi. Wakulima wa kule Ziwa, nje ya mji, walipoona tunayanunua kwa magunia walituona wendawazimu.

Unayachoma kwa tanuri la umeme bila hewa, yanabaki kaboni. Moshi unatolewa nje na bomba la mpira kupitia dirishani. Moshi mzito, mweupe.

Siku matokeo yalipotangazwa tulikuwa wawili ndani: mimi na Mama Nyambura, fundi wa lab. Mimi ni mtu wa Kisumu, siku hiyo jina langu lingenipitisha kwa kizuizi cha vijana waliokuwa wanasaka watu kwa kabila. Yeye kwao ni Central. Lake lingemmaliza.

Kelele zikaanza barabarani. Njia ya kwake, mtaa wa West Indies, ilikuwa imefungwa. Nikafunga mlango, Mama akaingia chini ya meza.

Halafu nikakumbuka moshi.

Chuo kilikuwa likizo, majengo yote kimya. Letu pekee ndilo lilikuwa linafuka kama jiko la harusi. Na tanuri hata ukilizima linakaa moto kwa masaa.

Nikavuta bomba ndani, nikalitumbukiza kwa ndoo ya maji. Maji yakaanza kutokota, bwab bwab bwab. Chumba kikajaa moshi. Mama alijiziba mdomo na sweta asikohoe.

"Moshi ulikuwa unatoka hapa sasa hivi! Kuna watu wamejificha!" mtu akapiga kelele nje.

Mlango ukatikiswa. Nikasikia mtu akisema leteni petroli.

Ndipo ikaja sauti ninayoijua. Kiptoo, mwenyeji wa Ainabkoi hapo jirani, classmate wangu. Hilo tanuri tulikuwa tunalitumia pamoja kila siku.

"Wachaneni na hiyo. Ni machine tu, inajiendesha yenyewe. Hakuna mtu hapo."

Wakaondoka.

Sasa fikirieni. Kiptoo alijua vizuri kwamba bomba halijivuti ndani lenyewe.

Asubuhi polisi waliokuwa wanaokoa watu walimchukua Mama, akafika kwao salama. Hakurudi Eldoret tena.

Chuo kilipofunguliwa, Kiptoo alinikuta lab peke yangu. Akanisalimia, akakaa, akaangalia chini.

"Buda, Mama Nyambura alifika salama?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote chuoni kwamba Mama alikuwa pale. Niliogopa akijua aliko, wenzake nao watajua.

Nikamwambia, "Sijui. Si alikuwa ameenda likizo?"

Akaniangalia kidogo. "Sawa," akasema, akaenda kupima sampuli zake.

Leo tunafundisha idara moja. Tunakunywa chai pamoja, watoto wetu wanajuana. Sijawahi kumshukuru, kwa sababu nikimshukuru itabidi nimuulize alikuwa anafanya nini na wale watu. Hapo ndipo naogopa.

Nilichojifunza ni kwamba vita vinaweza kuisha na woga ukabaki umekaa kati ya watu wawili wanaopendana.

Wadau, hebu niambieni. Mngekuwa mimi, mngemuuliza?