Madebe Matatu Hadi Geita

Sikuondoka Shinyanga kwa kupenda kutembea. Barua ilifika nyumbani kwetu Ngokolo ikisema kwamba mke wangu Kabula, niliyemwacha kambi ya wachimbaji Geita akiwa na mimba ya kwanza, amevimba miguu na anamtaka mama yake. Nilikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja, na chumvi ya kupeleka huko ilikuwa tayari. Kumbe debe moja kati ya manne ya petroli lilitoboka, mchanga ukanywa yote. Petroli nyingine ingekuja na treni baada ya siku nne, nami sikuwahi kufika Geita kwa chini ya madebe manne.

Nilimweleza mama mkwe huku nimeinamisha macho, kwa kumpitishia maneno shangazi yake Kabula, Mama Shija. Kwa Wasukuma, mtu na mkwewe hawasemezani hivihivi.

"Anasema siku nne ni nyingi," Mama Shija alinirudishia jibu. "Twende."

Alfajiri tulitoka. Wanawake walikaa nyuma juu ya magunia, mama mkwe amepakata kibuyu cha maziwa ya kumpelekea binti yake. Mimi mjini nilisifika kwa jambo moja tu, mwendo. Nikakanyaga mafuta, vumbi likatimka. Hatujamaliza maili mbili, ubao wa nyuma ya kichwa changu ukagongwa.

"Baba! Maziwa yamemmwagikia mkweo kifuani!"

Nilitamani ardhi inimeze. Tangu hapo mguu wangu ulishika adabu. Nikiona korongo mbele, niliachia mafuta mapema, lori likateremka lenyewe, badala ya kulikimbiza hadi ukingoni na kulikamata kwa breki. Gia kubwa niliiweka mapema, injini ikaacha kulalama.

Saa nne asubuhi tulisimama kijiji kimoja kuomba maji. "Mwangaluka," wazee walitusalimu, na salamu za Wasukuma hazimaliziki mpaka uulizwe habari za ndama. Mimi huwa naacha injini ikinguruma, kwa uvivu wa kupiga handeli ya kuiwasha upya. Ubao ukagongwa tena.

"Anauliza, gari linakula hata likisimama?"

"Linakula, Shangazi."

"Basi lifunge mdomo, anasema."

Nikazima. Siku ile nilipiga handeli mara nne, bega likaniuma hadi nikashindwa kuinua kikombe.

Kahama tulilala. Kwa kawaida nikifika pale debe la pili huwa linaelekea mwisho. Safari hii lilikuwa bado zaidi ya nusu. Nilipima tangi kwa kijiti mara tatu kwa kutoamini macho yangu. Asubuhi, kwa kunogewa, nikajaza matairi upepo yakakaza, nikashusha na vyuma chakavu nilivyozunguka navyo miezi mingi bila kazi.

Baada ya Kahama ni msitu wa mbung'o na mchanga. Huko ndiko nilikoteseka. Nilimwona Kabula kila nikipepesa macho, na mguu ukaanza kukandamiza bila ruhusa yangu. Ubao ukagongwa, polepole.

"Anasema hata yeye ana haraka," Mama Shija alisema. "Ni mwanawe."

Machozi yalinitoka. Nikaachia mafuta.

Saa tisa alasiri tuliingia Geita. Kabula alikuwa na uchungu tangu usiku, na mkunga wa kambi alinipokea mlangoni.

"Mtoto amekaa vibaya. Apelekwe kwa daktari, maili saba. Mafuta unayo?"

Nilitumbukiza kijiti. Kilitoka na unyevu wa upana wa vidole viwili. Kwa mwendo wangu wa zamani, lori lingekuwa limelala msituni tangu mchana. Tulishusha chumvi yote, tukamlaza Kabula kichwa mapajani mwa mama yake, nikaendesha kwa mguu uleule wa adabu. Lori lilikohoa likazima uani mwa hospitali, hatua chache kabla ya baraza. Tulimbeba.

Jua halijatua, alizaliwa binti, na mama yake akanywa maziwa yaliyosalia.

Mama mkwe alitoka ndani akanikuta barazani. Hakunitazama. Aliuelekea ukuta akasema, "Wabeja, baba." Ni ahsante ya Kisukuma, na barazani tulikuwa wawili tu.

Baada ya wiki nane tulirudi Shinyanga pamoja na Kabula, tajiri ametuma madebe manne. Mama mkwe alikaa palepale nyuma, mjukuu akiwa mahali pa kibuyu. Njia nzima nilisubiri ubao ugongwe, haukugongwa. Nilichojifunza ni kidogo: siku zote nilikuwa nayachoma mafuta kwa ajili ya sifa. Tulipofika Ngokolo nilizima injini kabla ya salamu. Mama Shija alichungulia.

"Taratibu na mlango," alininong'oneza. "Mkweo amelala tangu Kahama."

Debe la nne nililirudisha kwa tajiri halijafunguliwa.