Karani Aliyetoka Nje na Muhuri

Miaka ile uhuru wa Kongo ulipokuwa bado mchanga, karani wa Masisi alikuwa hagusi karatasi ya mtu kabla ya kunawa. Alinawa kwenye bakuli la bati, akaikung'uta mikono hadi ikauke, hata mvua ikiwa imeshakaa juu ya vilima. Mbusa, mfanyabiashara wa chumvi aliyetaka kufika Walikale kabla barabara haijageuka uji, alijizuia asifyonye. Pikipiki ya kupandia milima alikwishainunua kwa mjane wa Nyamitaba; shemeji ya mjane ndiye aliyepatana bei na kutia sahihi karatasi ya mauzo. Ulibaki muhuri tu.

Karani alisoma, kisha akauliza kwa ile sauti yake ya chini inayofanya watu wainame, "Mama mwenyewe iko wapi?"

"Iko inje," shemeji akajibu. "Miye njo ninasema kwa ajili yake."

Karani alibeba muhuri, wino na kiti chake, akatoka. Mjane alikuwa ameketi majanini, mkono juu ya gurudumu la pikipiki. Akampa kiti, akachutama mbele yake kwenye tope na suruali yake nyeupe, akamsomea karatasi yote kwa Kihunde, lugha ya mjane. "Mama, unakubali iende?"

Mbusa alisahau mvua. Mjane akikataa, pikipiki hana.

"Iende," mjane akasema hatimaye. "Bwana yangu hakupendaka ikae bure."

Karani akaiweka karatasi juu ya tangi la pikipiki, akaipiga muhuri, akaupuliza wino, akampa mjane karatasi. Mjane akamnyooshea Mbusa. Mbusa akajipangusa mikono kwenye koti kwanza, ndipo akaipokea.