Mawaridi Sita ya Zoryana

Simu ililia Paraskeva akiwa anatoa kokwa za cheri kwa kibanio cha nywele, mikono myekundu hadi viwikoni. Aliipokea kwa kidole kidogo. Sauti iliyotoka haikuwa ya Zoryana. Ilikuwa ya Ostap, mpiga besi wa bendi yake.

"Mama Paraskeva, keti kwanza."

"Nimeketi. Sema upesi, nina ndoo nzima hapa."

"Droni imepiga gari letu tukitoka Izium. Tulikuwa tumewapigia muziki askari wa mstari wa mbele. Zoryana hayupo tena."

"Hayupo wapi?"

Paraskeva alirudi kwenye cheri zake, akatoa kokwa moja baada ya nyingine mpaka ndoo ikaisha. Cheri zilikuwa za vareniki, maandazi ya kuchemsha yanayojazwa matunda. Zoryana alikuwa ameandika kwamba atakuja Jumapili, baada ya mwaka mzima wa kununiana, na Paraskeva alikuwa amepanga kumlisha kwanza, kisha amwombe radhi. Neno lenyewe alikuwa amelifanyia mazoezi mbele ya sanamu ya Mama wa Mungu, kwa kuwa kinywa chake hakikulizoea.

Zoryana alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake. Alimpokea akiwa na miaka saba, akamfunza Baba Yetu na kukamua ng'ombe. Ukaidi hakumfunza, huo alijichotea mwenyewe humo humo nyumbani.

Juu ya kabati la nyumba hiyo, nje kidogo ya Chortkiv, kulikuwa na tsimbali ya baba yake Paraskeva, kinanda cha nyuzi kinachopigwa kwa vijiti viwili. Mzee Hnat aliipiga harusini miaka arobaini. Alipokufa ilifunikwa kitambaa cha tarizi, na hakuna aliyeigusa. Zoryana alipofikisha miaka kumi na tisa akaichukua bila kuaga, akaenda nayo Ternopil, akaipachika nyaya na kuiunganisha kwenye spika zinazonguruma kama kinu cha chuma. Juu ya ngurumo hiyo akaimba vilio vya mazishi vya mabibi wa kijiji. Yeye na wenzake wakaiita bendi yao Chumvi Mbichi. Vijana walikanyagana kuingia kuwasikia. Redio ya Kyiv ikawapiga, kisha wakaalikwa kwenye tamasha la Lviv.

"Umemtia baba yangu umeme!" Paraskeva alimfokea kwenye simu.

"Mama mkubwa, babu angecheza."

"Angekuchapa kwa vijiti hivyo hivyo. Vilio vya maiti unawaimbia walevi! Huogopi Mungu?"

"Wale si walevi. Nusu yao wamezika mtu mwaka huu."

Hata hivyo albamu ya kwanza ilipotoka, Zoryana alimtumia tiketi, na Paraskeva akaenda. Alikata mawaridi bustanini kwake, akayahesabu mara mbili. Sita. Kwao hata mtoto wa chekechea anajua kwamba aliye hai hupewa maua ya witiri, na shufwa ni ya maiti. Hakukosea hesabu. Alitaka msichana aelewe, mbele za watu, kwamba kwake yeye ameshakufa.

Wimbo wa mwisho ulipoisha alipanda jukwaani na kilemba chake cha kanisani, akamkabidhi. Zoryana aliyahesabu kwenye kipaza sauti, moja hadi sita.

"Jamani, mama mkubwa wangu amenizika mapema!"

Watu wakacheka. Zoryana mwenyewe hakucheka. Alichomoa waridi moja, akamrudishia.

"Sasa yamebaki matano, niko hai. Hili kaa nalo wewe. Siku roho yako ikitulia, niletee."

Paraskeva alishuka akiwa amelishika mwibani. Nyumbani alitaka kulitupa jikoni motoni, akaishia kulibana katikati ya kitabu cha sala, kwenye zaburi ya toba. Likakaa humo mwaka mzima.

Zoryana aliletwa Alhamisi, sanduku limefungwa kwa misumari. Paraskeva aliomba lifunguliwe.

"Usiombe hilo, mama," alisema mtu wa mazishi. "Hakuna cha kubusu."

Njiani watu walipiga magoti pande zote mbili za barabara, wakiwemo waliokuwa wakimwita binti wa shetani. Kwao ndugu wa damu hawabebi jeneza, kwa hiyo walilibeba vijana wa bendi, na Ostap alichechemea kwa mguu uliofungwa bendeji. Kaburini alifungua mkoba wa tsimbali. Ndani kulikuwa na mawaridi matano yaliyokauka, yamefungwa kwa waya wa kinanda.

"Alizunguka nayo kila shoo," alisema. "Kila shoo alikuachia kiti mbele."

Aliyaweka juu ya jeneza. Paraskeva alikibana kitabu cha sala kifuani. La sita lilikuwa humo, na aliapa moyoni kwamba halitoki. Matano ni ya aliye hai. Angalau hilo angemwachia.

Jirani yake, bibi Hafiya, alimsukuma kwa kiwiko. "Paraska, una wazimu? Matano juu ya maiti? Unataka amvute mwingine kaburini?"

"Niache."

Ostap alikuwa amekiona kitabu, na shina kavu lililochomoza humo. Alinyoosha mkono.

"Lete, mama. Hesabu yako ilikuwa sahihi tangu mwaka jana."

Paraskeva alifungua kitabu, akalitoa waridi lile, na petali mbili zikabaki kwenye zaburi. Aliinama, akaliweka pamoja na mengine. Neno alilolifanyia mazoezi alilisema hapo, kwa sauti, juu ya mbao.

Padri aliimba "Kumbukumbu ya Milele", wimbo wa kuwaaga wafu, mara tatu, na watu wakaitikia. Jeneza lilishushwa kwa taulo ndefu za tarizi. Paraskeva alitupa udongo kwanza, kisha vijana wa bendi, kisha kijiji. Wachimba kaburi walimaliza kwa sepetu saa saba kasoro, wakasimika msalaba wa mbao, na watu wakaenda kula.