Nilivyoomba Digrii kwa Mwenye Loji

Asubuhi hiyo niliondoka Arua bila mpango, nimevaa tai, na pesa ya pikipiki niliyoiuza iko mfukoni. Chuo kimoja cha mtandaoni kilitaka niwatumie ada kabla ya jioni. Shule niliacha Senior Two, lakini napenda kujionea kwa macho, na tangazo lao lilisema ofisi kuu iko Koboko.

Kwenye anwani ile hakukuwa na kibao. Nikadhani vyuo vikubwa havijitangazi. Mama mmoja akanisukumia daftari: jina, unakotoka, sababu ya kuja. Nikaandika kwa mwandiko wangu bora, "Digrii ya biashara." Kisha nikasimama wima, mbele ya madereva watatu waliokuwa wakinywa chai, nikamweleza kwamba hesabu hunishinda lakini nidhamu ninayo.

Mama akasoma, akacheka mpaka akashika meza. "Mzee, hapa iko loji! Chuo hapana."

"Profesa!" madereva wakapiga kelele.

"Nyamazeni. Wengine wanakuja hapa kulia, pesa wameshatuma. Huyu yake iko mfukoni." Akanipa ufunguo. "Profesa, chumba namba tatu."