Mbili, Moja, Simba

Habari hii naionea haya mpaka leo, lakini nyie ni watu wangu, chekeni tu. Miaka ya hamsini, nikiwa mwalimu mgeni kutoka Ufipa, nilipangiwa shule moja ya kijijini upande wa Inyonga, niko kwenye majaribio bado, na siku hiyo mkaguzi alikuwa anakuja kuamua kama nibaki au nifunge virago.

Nilitaka darasa la pili waelewe mfuatano, yaani vitu vinavyojirudia kwa mpango hadi mtu aweze kutaja kinachofuata kabla hakijafika (ndiko hesabu kubwa zinakoanzia, msidharau). Kokoto za kuhesabia zilikuwa zimewachosha, basi nikawatoa nje tutumie kengele yetu, kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye nguzo. Nikagonga mbili, nikanyamaza, nikagonga moja. Mbili, moja. Mbili...

"Haya wanangu, inafuata nini?"

Watoto wakasogeleana, macho porini. Binti mmoja, Kalunde, akasema kwa sauti ndogo, "Simba, mwalimu."

"Jaribu tena, mama. Sikiliza vizuri," nikamwambia kwa upole, nikarudia kugonga kwa nguvu zaidi (upole wangu huo!).

Mayowe yakatoka mashambani, na kufumba na kufumbua uwanja umejaa wanaume wenye mikuki, jumbe wa kijiji mbele.

"Mwalimu, yuko wapi?"

Ndipo nikaelewa. Pale kijijini chuma kikigongwa mbili-moja, simba ameonekana, na masika yaliyopita simba alikuwa amemla mtu. Ningesema kweli yangeisha, lakini nikaona aibu, na kidole changu kikanyooka chenyewe kwenye kichaka kando ya njia.

Wakakizingira. Nyasi zikatikisika. Mikuki ikainuliwa, na mimi mwenyewe nikaanza kuamini simba yumo, mpaka nikaona kofia ya kaki, ile ya maofisa wa serikali.

"Msichome! Msichome! Ni mkaguzi!"

Akatoka anasukuma baiskeli (alikata njia kukwepa matope), jasho linamtiririka, ncha ya mkuki wa jumbe iko chini ya shibiri moja kutoka kifuani mwake. Nikakiri yote palepale, mbele ya wazazi.

"Kumbe hata katoto haka kalikwambia!" jumbe akafoka.

Mkaguzi alipomaliza kujifuta jasho aliandika mstari mmoja kwenye ripoti yake: "Darasa limeelewa mfuatano, mwalimu bado." Akaniongezea miezi sita ya majaribio.

Tangu hapo mtoto akinipa jibu la ajabu, simwambii ajaribu tena. Namuuliza kwanza amelitoa wapi, na wakati anaeleza, mikono yangu naiweka mfukoni.