Ombi la Mahali

Majuma yale niliomba nikitembea. Nikipiga magoti mwili ulikumbuka kazi nyingine: maji jikoni, nguo kwenye kamba, sura ya riwaya niliyokuwa nikiiandika, nikaiacha katikati. Kwa hiyo niliomba nikizunguka chumba changu cha kupanga pale Tunduma, kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi, huku nje malori ya foleni ya mpakani yakinguruma bila kwenda popote.

Jambo lenyewe lilikuwa moja. Mwalimu wa Chitete, kijijini mbali na lami, mtu mpole anayecheka kabla hajamaliza hadithi yake mwenyewe, alitaka kunioa. Wazee wake walikuwa tayari kuja kwetu kabla shule hazijafunguliwa, na nilichotakiwa ni kusema waje au wasije. Nilimpenda, hilo sikulihoji. Lakini nikijaribu kusema "waje" niligeuka mlangoni nikarudi dirishani, na nikijaribu "wasije" niligeuka vilevile.

Nikamwomba Mungu ishara. Kwanza nilifumba macho nikafungua Biblia, na kidole kikaangukia vipimo vya mapazia ya hema. Nikavisoma mara mbili, dhiraa kwa dhiraa, nikimtafuta mwalimu wangu humo ndani. Asubuhi nyingine nikasema, Bwana, lori lile la bluu likisogea kabla sijamaliza chai, jibu ni ndiyo. Chai ikapoa. Dereva akashuka, akafua mashati yake, akayaanika kwenye vioo vya lori, akaketi kivulini kungoja yakauke. Nilimkasirikia kana kwamba yeye ndiye aliyekabidhiwa jibu langu akalikalia.

Jumamosi nikapanda gari la Mbeya, nikashuka Nanyala, nikachukua bodaboda hadi kwetu Ruanda. Ulikuwa msimu wa kahawa, na baridi ilikuwa bado haijaondoka kwenye migomba ingawa jua lilishapanda. Mama alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kichanja cha waya, akichambua kahawa iliyooshwa na kutupa punje mbovu chini. Nikasimama upande wa pili, nikaanza kuchambua naye. Nilikuwa nimekuja kumwambia habari za mwalimu. Badala yake nikamuuliza habari za mbuzi, za goti lake, za jirani aliyevunja uzio. Mwishowe nikasema nina jambo linaninyima raha, naomba aniombee.

"Jambo gani, mwanangu?"

Nilitazama punje. "Mahali," nikasema.

Nilimaanisha mahali pa kuishi. Hiyo ndiyo nusu ya habari iliyokubali kutoka mdomoni. Mama hakuinua macho, ila mikono yake iliongeza kasi, na baada ya kitambo akaanza kuimba kwa sauti ya chini. Nikadhani anajipasha moto.

Jioni ile akina mama wa kanisani walikuja kusali kwetu, maana zamu ilikuwa yetu. Mama akasimama kutoa maombi yake. Akashukuru kwa kahawa, akashukuru kwa goti, kisha akasema binti yake anahangaikia mahali, anaomba wamsaidie kulibeba hilo. Sebule ikachangamka. Mama mmoja akanifinya mkono. Mwingine aliyekaa nyuma yangu akaniinamia na kuniuliza kwa kunong'ona kama huyo mtu anasali. Nikamuuliza mtu yupi. Akatabasamu kama anayesema, haya, endelea kuona aibu.

Wakaanza kuomba wote kwa pamoja, kila mmoja na yake, kama tulivyozoea. Shangazi yangu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde, alikuwa juu ya wote.

"Baba, mahali isiwe ngumu. Walainishe wazee wa pande zote mbili. Mahali hii isije ikavunja ndoa hii."

Isiwe. Hakusema pasiwe. Nikafumbua macho.

Wazee wetu walipokea Kiswahili juu ya Kinyiha, lugha yetu, na ulimi wao hautenganishi ra na la. Habari ni habali, barabara ni balabala, na mahari, mali anayotoa mwanaume kwa wazazi wa msichana, ni mahali. Shuleni tulichekwa kwa hilo na walimu waliotoka mbali, mpaka nikajizoeza kutamka kama wao na kujivunia. Nikasahau kwamba masikio ya mama hayakwenda shule pamoja nami.

Nilitaka kuinuka nisahihishe. Lakini unawasimamishaje akina mama wanaoomba, uwaambie kosa ni la herufi? Nikabaki nimeinamisha kichwa, nikisikiliza wakiniombea ndoa niliyokuwa sijaitaja. Waliposema mume, sikushtuka. Waliposema wakwe, nilitulia zaidi ya nilivyowahi kutulia majuma yale yote. Ndipo shangazi akaomba nifike salama katika nyumba ya mume wangu, popote atakapokuwa, na ngozi ikaanza kuniwasha. Niliiona barabara ya Chitete wakati wa mvua. Niliona nyumba ya mwalimu na ukimya wake, na meza yangu ya kuandikia ya Tunduma ikiondolewa pale dirishani impishe mpangaji mwingine, pamoja na foleni ile inayoningurumia mpaka sentensi zinatoka. Nilichokuwa nakiogopa ni mahali. Nilidhani nimemwambia mama nusu, kumbe nilimwambia yote.

Tulipokuwa tukinywa chai, wageni wakiwa wameondoka na amebaki shangazi, nikasema, "Mama, mimi nilisema mahali."

"Ndiyo. Na tumeiombea."

"Mahali pa kukaa, mama."

Akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo mwanaume hakuna?"

"Yupo."

"Sasa unabisha nini?"

Shangazi akacheka mpaka akakohoa. Akasema sisi tuliosoma tunapenda kukipa kitu kimoja majina mawili.

Nikatoka nje kwenda kichanjani, ambako mtandao unashika, nikampigia mwalimu. Nikamwambia wazee wake waje, ila kwanza mimi na yeye tuzungumze mahali. Akajibu kwa upole wake kwamba mambo hayo ni ya wazee, yeye atajitahidi asiniaibishe. Naye ni Mnamwanga, na kwao pia mahari ni mahali. Nilikuwa nimesahau tena.

"Mahali pa kukaa," nikasema. "Chitete sijui kama nitaweza."

Nikasikia mlango ukifungwa upande wake.

"Hilo sijaliombea," akasema.

"Hata mimi. Ndiyo nimeanza leo."

Hakukata simu, nami sikukata. Mama akaja na turubai kufunika kahawa kabla ya umande. Nikashika pembe moja, tukazunguka kichanja, yeye akivuta huku na mimi kule, simu ikiwa imebanwa begani, na pumzi za mwalimu zikiendelea sikioni mwangu.